Sura ya Sita: Simu ya Slaidi yenye Tachi katika Mwambao wa Bagamoyo

Historia ya simu za mkononi huandikwa mara nyingi kwa kufuata viwanda, yaani nani alitangulia kuunda nini, na katika masimulizi ya namna hiyo simu ya slaidi yenye tachi huambulia aya moja tu, kwa kuwa ilidumu sokoni miaka michache kati ya zama za simu za vitufe na zama za simu za kupangusa. Historia hiyohiyo ikitazamwa kutoka upande wa watu waliozimiliki simu hizo, hasa katika mji wa Bagamoyo na vijiji vya pwani vilivyo kaskazini mwa Dar es Salaam, aina hii ya simu hustahili kupewa nafasi kubwa zaidi. Ilifika mikononi mwa watu wakati ambapo huduma za fedha kwa simu zilikuwa zinaenea, wakati ambapo nyumba nyingi za pwani hazikuwa na umeme, na wakati ambapo simu moja ilihudumia watu kadhaa wa rika mbalimbali ndani ya kaya moja.

Hoja ya sura hii ni kwamba kumiliki simu katika mwambao huu hakujawahi kuwa tendo linalokamilika pale mtu anapolipa fedha dukani. Umiliki ni matunzo ya kila siku yanayogawanywa baina ya mwenye simu, jamaa zake, mchaji betri na fundi, na simu ya slaidi iliyadhihirisha matunzo hayo kuliko simu nyingine yoyote, kwa sababu ilikuwa na kiungo kinachotembea katika mazingira ya chumvi na mchanga ambayo hayavumilii viungo vinavyotembea.

Chombo chenyewe na chimbuko lake

Simu ya slaidi ni simu iliyoundwa kwa vipande viwili vinavyolaliana, cha juu kikiwa na kioo na cha chini kikiwa na vitufe, na vipande hivyo huteleza juu ya reli mbili nyembamba vikisaidiwa na springi. Springi hiyo hupinga msukumo wa kidole mpaka kipande cha juu kifike takriban katikati ya safari yake, kisha hugeuka na kukisukuma chenyewe hadi mwisho, na hapo ndipo husikika ule mlio mfupi wa kufunga ambao wenye simu hizi waliuzoea. Simu ya Siemens SL10 ya mwaka 1999 hutajwa kuwa miongoni mwa simu za kwanza kabisa za muundo huu, na baadaye Samsung, LG na Nokia zikaueneza ulimwenguni kwa simu ambazo nyingi zake hazikuwa na kioo cha kugusa.

Tachi, kwa maana ya tabaka la kioo linalotambua mguso, iliungana na slaidi kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata ujio wa iPhone ya mwaka 2007. Watengenezaji kadhaa hawakuwa tayari kuamini kwamba watu wangekubali kuishi bila vitufe kabisa, kwa hiyo walitoa simu zenye njia zote mbili: HTC Dream, iliyouzwa kuanzia Oktoba 2008 na ambayo ndiyo simu ya kwanza ya Android kuingia sokoni, ilikuwa na kioo cha kugusa juu na vitufe vya herufi zote chini, Nokia N97 ikafuata mwaka 2009 na BlackBerry Torch mwaka 2010. Hizo zilikuwa simu za bei ya juu. Simu iliyolingana zaidi na maisha ya mwambao wa Afrika Mashariki ilikuwa ya kiwango cha chini kuliko hizo, na mfano wake mzuri ni Nokia C2-03 iliyotangazwa Juni 2011, ambayo ilikuwa na kioo cha kugusa cha inchi 2.6, vitufe vya namba vya kawaida chini yake, kamera ya megapikseli 2, redio ya FM, nafasi ya kadi ya kumbukumbu na nafasi mbili za laini. Sambamba nayo zilikuwapo simu nyingi za Kichina za muundo huohuo, nyingine zikiwa na majina ambayo hakuna aliyeyajua nje ya kasha lake, zikiwa na spika zenye sauti kubwa na kijiti kidogo cha kubonyezea kioo kilichochomekwa pembeni.

Simu hizi zilifika Bagamoyo kwa njia ambayo bidhaa nyingi za mji huo hupitia, yaani kutoka maduka ya Kariakoo, hasa yale ya Mtaa wa Aggrey na mitaa jirani, kisha kwa basi hadi maduka madogo ya mjini. Nyingine zilifika zikiwa mitumba ndani ya mikoba ya jamaa waliorudi kutoka ughaibuni, na nyingine zilishuka daraja ndani ya ukoo, kutoka kwa kaka aliyenunua mpya kwenda kwa mdogo wake, na kutoka kwa mdogo kwenda kwa mama.

Milango miwili ya simu moja

Thamani ya kwanza ya simu hii ilikuwa katika kumpa mtumiaji milango miwili ya kuingilia, na kila mlango ulikuwa na watu wake. Mzee aliyezoea simu ndogo ya tochi aliisukuma slaidi juu, akavikuta vitufe palepale alipovizoea, akapiga namba kwa kupapasa bila kuhitaji miwani, na akakata simu kwa kuifunga slaidi. Kijana wa nyumba hiyohiyo hakuona haja ya kuifungua, kwa kuwa picha, nyimbo na michezo vyote vilipatikana kwa kugusa kioo. Kwa hiyo simu moja iliweza kukaa sebuleni na kutumiwa na vizazi viwili bila mmoja kulazimika kujifunza njia ya mwenzake, jambo ambalo simu ya kupangusa iliyokuja baadaye haikuliwezesha kwa wepesi huo.

Mlango wa vitufe ulikuwa na uzito wa pekee katika mambo ya fedha. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008 na Tigo Pesa mwaka 2010, na huduma zote za aina hii zilijengwa juu ya menyu za maandishi zinazofunguliwa kwa kupiga namba fupi yenye nyota na reli, kama ile *150*00# ambayo hata mtu asiyejua kusoma vizuri huikariri. Menyu hizo hazihitaji intaneti, kwani maandishi yake hupita katika njia ileile ya mawimbi inayobeba maelekezo ya simu za sauti, ila zina sharti moja, nalo ni kwamba mtumiaji hupewa muda mfupi wa kujibu kila swali kabla menyu haijajifunga. Mtu anayetuma fedha za ada au za dawa, akiwa na hofu ya kukosea tarakimu moja ya namba ya mpokeaji, huhitaji kujua kwa hakika kwamba kitufe alichobonyeza ndicho, na vitufe vinavyoinuka chini ya kidole vilimpa hakika hiyo kabla hajaingiza namba ya siri.

Vitufe hivyohivyo viliunda mtindo wa kuandika. Ujumbe mfupi wa maneno ulikuwa na kikomo cha herufi 160, na kila herufi ilipatikana kwa kubonyeza kitufe cha namba mara moja hadi nne. Herufi s hukaa ya nne katika kitufe cha 7, baada ya p, q na r, ilhali x hukaa ya pili katika kitufe cha 9, baada ya w, kwa hiyo kijana aliyeandika xaxa badala ya sasa alibonyeza mara sita mahali ambapo angebonyeza mara kumi. Tahajia ambazo walimu walizilaumu kuwa ni uvivu au maringo ya ujana zilikuwa pia na uchumi wa kidole ndani yake, na mtu aliyekuwa na simu ya slaidi yenye tachi aliweza kuchagua kati ya uchumi huo na vitufe vya kuchorwa juu ya kioo, ambavyo kwenye inchi 2.6 vilikuwa vidogo mno kwa dole gumba la mvuvi.

Mlango wa pili, yaani kioo, nao ulikuwa na tabia iliyofaa pwani. Vioo vya simu nyingi za bei nafuu za aina hii vilihisi mgandamizo: tabaka la juu, ambalo ni plastiki laini inayopitisha mwanga, lilitenganishwa na tabaka la chini kwa nafasi nyembamba sana, na kila tabaka lilipakwa utando wa madini unaopitisha umeme, kiasi kwamba kidole kilipobonyeza matabaka hayo yaligusana na simu ikapima mahali yalipogusania. Simu za kupangusa za sasa hufanya kazi kwa njia nyingine, kwani kioo chake kigumu hutengeneza uwanja mdogo wa umeme na kuhisi namna kidole kinavyoubadilisha, na kwa sababu hiyo matone ya maji huichanganya. Kioo cha mgandamizo hakijali maji, wala hakijali kama kinachobonyeza ni kidole, ukucha au ncha ya kalamu.

Tofauti hiyo ya kifundi ilikuwa na maana kubwa kwa mwanamke wa kijiji cha Mlingotini anayelima mwani, kazi ambayo hufanywa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na kuacha vigingi na kamba zikionekana, na ambayo humwacha mkulima na mikono mibichi kwa saa kadhaa. Ilikuwa na maana vilevile kwa wavuvi wanaopeleka samaki kwenye mnada wa ufukweni Bagamoyo, ambao waliifunga simu ndani ya mfuko wa nailoni na kuibonyeza kupitia mfuko huo wakiwa bado chomboni, ili kumwuliza jamaa aliye sokoni kama bei ya siku hiyo inafaa kushusha hapo au kuendelea hadi Kunduchi. Mawasiliano hayo yalikuwa na mpaka wake, kwa kuwa mfumo wa GSM, ambao ndio uliotumiwa na simu hizi, katika mpangilio wake wa kawaida hauruhusu simu kuwasiliana na mnara ulio mbali zaidi ya kilomita 35 hivi, na manahodha waliijua mipaka hiyo kwa mazoea ya kutazama mahali ambapo alama za mtandao hupotea.

Laini mbili na betri ya kuchomoa

Suala la laini haliwezi kutenganishwa na umiliki wa simu nchini Tanzania. Kampuni za simu zilifuatana kuingia sokoni, Mobitel mwaka 1994, Zantel mwaka 1999, Vodacom mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, na kwa miaka mingi kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulikuwa ghali kuliko kupiga ndani ya mtandao huohuo. Sehemu ya gharama hiyo ilitokana na ada ya maunganisho, yaani fedha ambazo kampuni ya mpigaji huilipa kampuni ya mpigiwa kwa kila dakika. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliishusha ada hiyo hadi shilingi 34.92 mwaka 2013 na kuendelea kuipunguza hadi shilingi 26.96 mwaka 2017, lakini kabla ya hapo mwananchi alikuwa amekwisha kujitafutia dawa yake, nayo ilikuwa kumiliki laini ya kila mtandao ambao jamaa zake wanautumia.

Aliyekuwa na simu ya laini moja alilazimika kuizima, kufungua mfuniko wa nyuma, kutoa betri, kubadilisha laini na kuiwasha upya, na laini aliyoitoa ilikuwa katika hatari ya kudondoka mchangani na kupotea. Simu ya laini mbili iliondoa usumbufu huo, na C2-03 ilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa laini yake ya pili ilichomekwa ubavuni na kubadilishwa huku simu ikiwa inawaka, na simu yenyewe iliweza kukumbuka mipangilio ya laini hadi tano. Ndani ya kaya, uwezo huo ulimaanisha kwamba simu ilikuwa ya mmoja ilhali laini zilikuwa za wengi: mdogo mtu asiye na simu alichomeka laini yake jioni, akasoma ujumbe uliokuwa ukimsubiri, akambipu aliyetaka kuzungumza naye ili apigiwe, kisha akaitoa laini yake na kuihifadhi kwenye pochi. Namba ikawa mali ya mtu hata pale chombo kilipokuwa cha mwingine, na utaratibu wa kusajili laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na kufikia ukomo wake Januari 20, 2020, ulikuja kulitia muhuri wa kisheria jambo ambalo kaya zilikuwa zimekwisha kulielewa.

Betri nayo ilikuwa na uhuru wake. C2-03 ilitumia betri ya BL-5C, ambayo ni aina ileile iliyotumika katika Nokia 1100, simu ya tochi iliyoenea Afrika Mashariki tangu mwaka 2003, na ambayo hata redio ndogo nyingi za Kichina ziliundwa kuipokea. Katika kijiji kisicho na umeme, au katika mji wenye umeme wakati wa mgawo mkali wa mwaka 2011, jambo hili halikuwa dogo. Mwenye simu aliweza kutoa betri na kuipeleka peke yake kwa mchaji, ambaye aliibana katika chaja ya kobe, yaani chaja yenye taya mbili inayoshika betri bila simu, huku simu yenyewe ikibaki nyumbani na betri ya redio ndani yake. Ada ya kuchaji ilikuwa ndogo, na kwa kuiacha betri badala ya simu, mteja alilinda picha, ujumbe na namba zake dhidi ya macho ya watu asiowajua.

Chumvi, mchanga na utepe wa nyaya

Manufaa hayo yote yalikuwa na gharama, na gharama yenyewe ilijificha mahali ambapo mnunuzi hakuweza kuona. Kioo kilicho katika kipande cha juu kinapaswa kupokea umeme na maelekezo kutoka kwenye bodi kuu iliyo katika kipande cha chini, na kwa kuwa vipande hivyo havitulii mahali pamoja, mawasiliano yao hupita katika utepe mwembamba wa plastiki inayopindika uliochapishwa nyuzi za shaba nyembamba mno. Kila slaidi inapofunguliwa utepe huo hukunjwa upande mmoja, na kila inapofungwa hukunjwa upande wa pili. Mtu anayeifungua simu yake mara thelathini kwa siku huukunja utepe huo zaidi ya mara elfu kumi kwa mwaka, na shaba, sawa na waya unaopindwa huku na huku mahali pamoja, huchoka na kupasuka uzi mmoja baada ya mwingine.

Dalili za kupasuka huko zilifuata mpangilio ambao wenye simu walijifunza kuusoma. Kwanza kioo hubadilika rangi kwa nukta moja slaidi inapokuwa katikati, kisha sauti ya anayezungumza upande wa pili hupotea kwa kuwa spika ya sikioni nayo iko katika kipande cha juu, kisha kioo huwa cheupe kila simu inapofunguliwa na kurudi hali yake inapofungwa. Katika hatua hiyo wengi waliendelea kuitumia simu kwa miezi, wakiiacha nusu wazi katika pembe ile moja ambayo utepe ulikuwa bado unapitisha umeme, au wakiifunga kabisa kwa mpira wa fedha na kubaki na mlango mmoja tu wa tachi. Ustahimilivu huo ulikuwa ni ujuzi kamili, kwani kila mwenye simu aliijua pembe ya simu yake, na aliyeazimwa alielekezwa kwanza namna ya kuishika.

Mazingira ya pwani yaliharakisha uchakavu huo. Upepo wa bahari hubeba chembe ndogo za chumvi, na mawimbi yanapovunjika wakati wa kusi chembe hizo huwa nyingi zaidi, achilia mbali maeneo kama Nunge ambako chumvi huvunwa katika mabwawa ya maji ya bahari. Chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani, na unyevu wenye chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo ukikaa kwenye viungio vya shaba vilivyo na umeme wa betri husababisha kutu ya kijani inayokula kiungio mpaka kikatike. Simu isiyo na kiungo kinachotembea huweza kuzibwa kwa kiasi fulani, lakini slaidi ina uwazi wa lazima kati ya vipande vyake viwili, na uwazi huo ndio njia ya chumvi, jasho na mchanga laini wa ufukweni, ambao ukiingia kwenye reli husaga plastiki na kuukwaruza utepe.

Hapa ndipo fundi simu anapoingia katika maelezo ya umiliki kama mshiriki wa lazima. Meza yake, ambayo mara nyingi huwa ni kabati dogo la kioo karibu na kituo cha mabasi au sokoni, huwa na bisibisi nyembamba za nyota, mswaki wa meno, chupa ya spiriti, pasi ya kulehemu, taa yenye kioo cha kukuzia na kopo la simu zilizokufa. Simu iliyooza kwa chumvi huifungua, akaitoa bodi, akaisugua kwa mswaki uliochovywa kwenye spiriti akifuata mstari mmoja wa viungio baada ya mwingine mpaka ukijani uondoke na shaba ing'ae, kisha huianika kabla ya kuirudishia betri. Simu iliyokatika utepe huhitaji utepe mwingine, na kwa kuwa utepe wa aina moja hauingii katika simu ya aina nyingine, kopo la simu zilizokufa ndilo ghala lake la spea, na simu isiyoweza kufufuliwa hupata thamani mpya kwa kuwa na utepe mzima, spika nzima au kava lisilo na ufa.

Ujuzi wa mafundi hawa ulisahihisha pia dhana zilizoenea mitaani. Mojawapo ni kuzika simu iliyolowa ndani ya mchele, njia ambayo huweza kupunguza unyevu kidogo lakini haiwezi kuondoa chumvi, ambayo hubaki kwenye bodi baada ya maji kukauka na kuendelea na kazi yake ya uharibifu. Fundi wa pwani humshauri mteja atoe betri papo hapo, asijaribu kuiwasha simu ili kuona kama imepona, na ailete mapema isafishwe, kwa kuwa simu iliyoanguka katika maji ya kisima huweza kusubiri kidogo ilhali iliyoanguka baharini haina muda. Ushauri huo ni maarifa ya kemia yaliyopatikana mezani, na ulienea ufukweni kwa mdomo.

Pamoja na ufundi wa mikono palikuwa na ufundi wa kupanga. Kioo cha mgandamizo kikizeeka, matabaka yake hulegea na simu huanza kupotoka, mtu akibonyeza jina moja ikafungua jina la chini yake. Tiba yake katika simu nyingi ilikuwa ni kuingia kwenye mipangilio na kubonyeza alama zinazotokea kwenye pembe za kioo ili simu ijifunze upya mahali pa kila mguso, jambo ambalo watoto wa nyumbani walilijua kuliko wazazi wao, na hivyo kazi ya matunzo ikagawanywa ndani ya kaya kwa kufuata ujuzi badala ya umri.

Simu halali na simu bandia

Uhusiano wa wenye simu na dola ulibadilika ghafla usiku wa Juni 16, 2016, TCRA ilipozifungia mitandao yote ya nchini simu zenye namba bandia za utambulisho. Kila simu halali hupewa na mtengenezaji namba ya IMEI yenye tarakimu 15, ambayo mwenye simu huiona kwa kubonyeza *#06#, na katika miezi iliyotangulia wananchi walielekezwa kuituma namba hiyo kwenda 15090 ili wajibiwe kama simu yao inatambulika. Lengo lilikuwa kupambana na wizi, udanganyifu na bidhaa hafifu zinazoweza kumdhuru mtumiaji, na ni lengo ambalo ni vigumu kulipinga.

Uzito wa hatua hiyo, hata hivyo, haukuwaangukia wote sawasawa. Simu za slaidi za Kichina zisizo na jina la kueleweka zilinunuliwa zaidi na watu wenye kipato kidogo, ambao hawakuwa na njia ya kuitambua IMEI bandia dukani wala risiti ya kumrudishia muuzaji, na ambao walilala wakiwa na simu inayofanya kazi na kuamka wakiwa na redio yenye kamera. Wengi hawakuzitupa. Ziliendelea kupiga nyimbo, kupiga picha za harusi na kuwachezesha watoto, na nyingine ziliishia kwenye kopo la fundi ambako utepe na spika zake zilirudisha uhai wa simu zilizo halali. Sera iliyokusudiwa kumlinda mtumiaji ingekuwa ya haki zaidi kama ingeanza na mwingizaji wa bidhaa pale bandarini na dukani kabla ya kumfikia mvuvi wa kijiji cha Kaole, na somo hilo lingali na umuhimu kila nchi inapofikiria kuzima vifaa vilivyokwisha kulipiwa na wananchi.

Kilichopotea na kinachofaa kudaiwa

Slaidi zimetoweka katika maduka kwa sababu zinazoeleweka. Vioo vikubwa vya kuhisi kidole vilishuka bei, programu za kutumiana ujumbe kupitia intaneti zilihitaji nafasi ya kusomea zaidi kuliko vitufe, na kila mtengenezaji aliona kwamba simu isiyo na kiungo kinachotembea ni rahisi kuunda na haiharibiki kwa urahisi. Simu ya kupangusa imeleta manufaa ambayo slaidi haingeweza kuyaleta, na mtu anayeuza mwani au samaki kwa kumtumia mnunuzi picha ana sababu nzuri ya kuipenda.

Hata hivyo, katika mabadiliko hayo kazi ya matunzo imehamishwa taratibu kutoka mikononi mwa mwenye simu. Betri ya simu nyingi za sasa imegundishwa ndani kwa gundi na haiwezi kupelekwa kwa mchaji peke yake, kioo na tachi vimeunganishwa kuwa kipande kimoja ambacho bei yake huweza kukaribia nusu ya bei ya simu, na simu za mkopo hufungwa kutoka mbali kwa programu pale mkopaji anapochelewa kulipa, hata kama ndizo anazotumia kutafuta fedha ya kulipia. Fundi wa Bagamoyo ambaye aliweza kuifufua simu ya slaidi kwa mswaki, spiriti na utepe uliotoka katika simu iliyokufa leo huhitaji mashine ya kuyeyusha gundi na spea zinazoagizwa Kariakoo, na mara nyingine humwambia mteja ukweli kwamba kununua nyingine ni nafuu kuliko kutengeneza.

Kwa hiyo, funzo la simu ya slaidi yenye tachi ni kipimo ambacho wanunuzi, wafanyabiashara na wasimamizi wa sekta wanaweza kukitumia leo, kwa kuuliza maswali ambayo mwambao huu uliyauliza kwa vitendo: je, betri ya simu hii inatoka, spea zake zinapatikana, fundi wa karibu anaweza kuifungua bila kuivunja, na mzee wa nyumba anaweza kutuma fedha kwayo bila msaada? Bidhaa inayojibu ndiyo kwa maswali hayo humfanya mnunuzi kuwa mmiliki, na ile isiyoyajibu humfanya mpangaji wa kifaa alichokilipia. Wakazi wa Bagamoyo, Mlingotini na Kaole walikwisha kuthibitisha kwamba wako tayari kuifanya kazi ya kutunza, na wana haki ya kuuziwa simu inayotunzika.